Utakwenda na Nani?

Lipo swali ambalo mwanamke wa pwani hukabiliwa nalo kila anapotaja safari. Akiwa msichana huulizwa na baba yake. Akiwa mke huulizwa na mumewe. Na akisha kuwa mjane, magoti yamekwisha kuanza kulalamika na wajukuu wamejaa uani, huulizwa na mtoto aliyemzaa na kumnyonyesha. "Utakwenda na nani?" Kwa sura yake ni swali la huruma. Kwa ndani ni hukumu iliyokwisha kukatwa, kwani muulizaji hangoji jawabu. Akijibiwa "Nitakwenda peke yangu" huona kuwa hajajibiwa, na huuliza tena. Mwanamume wa umri huo huo akisema kuwa anakwenda Maskati huulizwa atarudi lini, na pengine huagizwa halua.

Mfano hauna haja ya kutafutwa mbali. Katika mitaa ya Ng'ambo mjini Unguja, na vivyo hivyo Wete na Lamu, wamo wanawake wenye miaka sitini na ushei ambao wamezaa, wamelea, wamesomesha, wamezika waume zao, na wana ndugu Uarabuni. Tuseme ni mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, mwenye miaka 68. Dada yake alitoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, angali msichana, pamoja na watu wazima wa upande wa baba. Ilipofika 1970, Sultani Qaboos akashika utawala na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi, na yule dada akahamia Maskati akaolewa huko. Tangu hapo ndugu wawili hao wamekutana kwa barua, kisha kwa kaseti walizopewa wasafiri wazifikishe, kisha kwa simu. Mwalimu sasa amekwisha pokea kiinua mgongo, amecheza upatu hadi zamu yake ikafika, na pasipoti anayo. Anataka kukaa wiki tatu. Kikao cha aila kimeitishwa, na kikao hicho, kama vilivyo vikao vyote vya namna hiyo, kinamzungumza mbele yake mwenyewe kana kwamba yeye ni kabati la urithi linalotafutiwa ukuta wa kuegemezwa.

Mwana wa kwanza hutaja usalama. Husema mambo ya ugenini hayajulikani, na mtu mzima akipotea hujui umtafute wapi. Mama huyu huyu, Ijumaa iliyopita, alirudi kutoka Darajani juu ya bodaboda, kapu la samaki mkono mmoja na buibui mkono wa pili, na hakuna aliyeitisha kikao. Anakokwenda ni mji ambao Kiswahili kinazungumzwa na maelfu ya wenyeji wake, wazaliwa wa visiwa hivi na watoto wao. Mji ambao mwanamke mzee akisimama kando ya njia, wa kwanza kupita humwita "mama" na humuuliza anatafuta nyumba ya nani. Hofu isiyoiona bodaboda ikaiona ndege inachagua cha kuona.

Lakini kabla ya kuwalaumu watoto ni haki kuilaumu lugha, kwa kuwa lugha ndiyo iliyowafundisha. Mwanamume aliyeona nchi nyingi husifiwa kwa neno moja: ametembea. Neno hilo hilo likivishwa mwanamke hugeuka tusi. Mwanamke "mtembezi" hakusudiwi kuwa ameona Bombay na Basra. Na tazama neno "peke". Ukoo wake ni upweke, na jirani yake katika utenzi na taarabu ni ukiwa. Kwa hiyo mwanamke anaposema anakwenda peke yake, sikio la Kiswahili husikia kuwa ametupwa. Hapana neno jepesi katika mazungumzo ya kila siku la kumtaja mtu aliyejitenga kwa hiari yake, akiwa na moyo mkunjufu, na nauli yake mfukoni. Washairi ndio mafundi wa maneno. Kazi hii ilikuwa yao, na hawakuifanya.

Walichokifanya badala yake kinajulikana. Katika ushairi wa pwani bahari ni ya wanaume tangu gati hadi upeo. Mwanamke yumo, tena tele, lakini yumo kama chombo: ni jahazi, ni mashua, ni ngalawa iliyopambwa, hutwekwa tanga, huendeshwa, huzama. Nahodha ni mwanamume, na mshairi kwa kawaida ndiye nahodha. Mahali pengine mwanamke apatapo ni pwani penyewe, amesimama, anangoja. Ni taswira nzuri, na imezaa beti ambazo hazitakufa. Ila taswira ikikaririwa miaka mia mbili bila ya kujibiwa huacha kuwa taswira ikawa sheria, na mtoto wa mwalimu mstaafu, ambaye pengine hajasoma diwani hata moja, anaitekeleza sheria hiyo sebuleni kwake.

Aghalabu wenye kuitetea hali hii humtoa shahidi wao mkubwa, Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia binti yake utendi mnamo 1858. Si yeye, huulizwa, aliyemuusia mwanamke asitoke bila ya idhini? Ndiye. Lakini utendi ule wanautaja zaidi kuliko wanavyousoma. Binti anaousiwa ni mke au mke mtarajiwa, na idhini inayotajwa ni ya mume. Mwana Kupona anawahesabu watano ambao mwanamke anapaswa kuzitafuta radhi zao: Mwenyezi Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Mtoto wa kiume hayumo. Mama yumo. Kwa hesabu ya Mwana Kupona, basi, katika kikao kile cha Ng'ambo mwenye kutafutiwa radhi ni mwalimu, na wenye kuzitafuta ni hao waliokaa wamekunja nyuso. Tena mtunzi mwenyewe alikuwa mjane alipoishika kalamu. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikwisha kufa miaka miwili nyuma. Mjane aliyetunga utendi mashuhuri kuliko tendi zote za wanawake wa Kiswahili hageuzwi kuwa ufunguo wa kuwafungia wajane wenziwe.

Mwana wa pili huleta dini, na hapo inafaa kwenda taratibu, kwani jambo lenyewe lina uzito na wanazuoni hawakuwa na kauli moja. Wapo wanaosema mwanamke hasafiri safari ndefu ila na maharimu wake, na hadithi wanazozitegemea ni maarufu. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani hii, yaliruhusu tangu zamani mwanamke aende hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu, bila ya maharimu. Kuhusu safari zisizo za faradhi mjadala ni mrefu zaidi. Na imo katika hadithi ya Adi bin Hatim bishara kwamba utakuja wakati mwanamke atafunga safari kutoka Hira hadi aitufu Kaaba, haogopi ila Mungu. Mwenye kutaka kushika kauli nzito ashike, na mwanamke mwenyewe akiishika asilaumiwe. Lakini hayo ni baina yake na dini yake na mwanachuoni anayemwamini. Mwanawe ambaye mara ya mwisho kufungua kitabu cha fiqhi ni alipokuwa chuoni na miaka kumi, na ambaye hana hamu ya fiqhi ikija habari ya riba au mirathi ya dada zake, hana haki ya kuwa mufti ghafla siku mama yake anapotaka tiketi.

La ajabu ni hili. Saudi Arabia, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa na masharti makali kupita nchi zote katika jambo hili, hata ilipokuwa imeyashika masharti yake kwa nguvu iliuheshimu umri. Mwanamke aliyetimiza miaka 45 aliweza kuhiji bila ya maharimu, akiwa katika kundi lililopangwa na barua ya ridhaa mkononi, wakati wa chini ya umri huo hakuweza. Kisha masharti yenyewe yakalegezwa: Agosti 2019 wanawake wa Saudia waliotimiza miaka 21 wakapewa haki ya pasipoti na safari bila ya idhini ya mlezi, Septemba mwaka huo huo viza ya utalii ikafunguliwa, na mwanamke akaweza kuingia bila ya kusindikizwa, Oktoba 2022 serikali ikatangaza kuwa mwanamke anaweza kuja hija na umra bila ya maharimu. Yaani huko, umri ulikuwa ukimfungulia mwanamke mlango hata wakati milango ilipokuwa imefungwa. Hapa, kadiri anavyozeeka ndivyo komeo linavyoongezwa. Sura ya An-Nur, katika aya yake ya 60, imewalegezea wanawake wazee jambo la mavazi. Uzee kwa mwanamke uliletewa nafuu. Aila za leo zimeugeuza kuwa udhuru wa kumnyang'anya hata nafuu aliyokuwa nayo.

Ipo pia hoja ya aibu, ambayo hutamkwa kwa sauti ya chini na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Watu watasema wanawe wamemtupa. Watu watasema, mtu mzima yule, kaenda kutafuta nini? Hoja hii ingestahili kusikilizwa lau watu hao hao wasingekuwa wanakaa kimya juu ya jambo jingine, linalopita mbele ya macho yao kila wiki.

Kila wiki wasichana wa visiwa hivi, wa Tanga na wa Mombasa, wengine hawajatimiza miaka ishirini na mitano, hupanda ndege kwenda katika nchi hizo hizo za Kiarabu. Huenda peke yao. Wakala amewatafutia viza, tajiri amelipa nauli, na jina la nyumba wanayokwenda kutumika hulisikia wakifika. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa nyumbani wa Kitanzania walioko Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, na yaliyoandikwa humo yalikuwa yakijulikana mitaani zamani: pasipoti zilizochukuliwa na waajiri, siku za kazi zisizo na mwisho, mishahara iliyozuiwa, vipigo, na baadhi yao kuingiliwa kwa nguvu. Chini ya mfumo wa kafala mfanyakazi amefungwa na mwajiri aliyemleta. Akitoroka nyumba anakuwa ametoroka sheria. Wapo waliopata waajiri wema, wakajenga, wakasomesha wadogo zao, nao hawakusema uongo waliposimulia heri. Lakini hatari ile ilikuwa hatari ya kweli, si ya kukisiwa, na iliwakabili walio wadogo kuliko wote, wasio na ndugu huko, wasiojua Kiarabu, wasio na fedha ya kurudia.

Nani aliwauliza, "Utakwenda na nani?"

Hawakuulizwa. Walisindikizwa kwa dua na ubani hadi uwanja wa ndege, na baraza ikashukuru. Hadhi ya aila haikutikisika kwa msichana kuvuka bahari peke yake akaoshe vyombo vya watu, ila inatikisika kwa bibi yake kuvuka bahari hiyo hiyo akanywe kahawa kwa dada yake. Mmoja ataleta fedha, mwengine atazitumia zake. Mmoja anakwenda kuwa mtumishi, mwengine anakwenda kuwa mgeni. Kinachoitwa heshima kimepimwa kwa mizani ya dukani. Anayetaka kuuona unafiki katika umbo lake kamili akae katika nyumba ambamo mjukuu yuko Salala anafanya kazi za ndani na nyanya anazuiwa kwenda Maskati kwa sababu ya usalama.

Na hata fedha si mwisho wa jambo. Mwanamke huyu wa miaka 68 ndiye anayewaamsha wajukuu alfajiri, ndiye anayewapeleka chuoni na kuwachukua, ndiye anayekaa na mtoto mwenye homa mama yake anapokwenda kazini, ndiye mwenye ufunguo wa nyumba na mwenye kujua bomba la maji linapotoka saa ngapi. Kazi hiyo haina mshahara wala likizo, na kwa kuwa haina mshahara hakuna anayejua kuwa ni kazi mpaka mwenyewe atakapotaja wiki tatu za kuondoka. Hapo kikao kinapata joto. Binti yake, ambaye ndiye aliyeonekana kuwa upande wake, huanza kutaja miguu: "Mama, miguu yako hii, utaiweza safari?" Miguu hiyo haikutajwa mwaka mzima ilipokuwa ikipanda ngazi na ndoo. Kama kikao kingekuwa na ukweli wa kusema, "Mama, ukiondoka hatuna wa kukaa na watoto," mazungumzo yangekuwa mafupi na ya heshima, na wiki tatu zingetafutiwa mpango. Watu wazima hawakosi kusamehe wanapoombwa waziwazi.

Visiwa hivi havina uhaba wa wanawake waliovuka. Siti binti Saad alikuwa anakaribia miaka hamsini alipovuka kwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi sauti yake. Alikwenda na wenzake wa kundi, ni kweli, lakini aliyekuwa akifuatwa ni yeye. Bi Kidude alizunguka Ulaya, Mashariki ya Kati na Japani akiwa na umri ambao hakuna aliyeweza kuuhesabu, akatunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na alipofariki Aprili 2013 kila mtu alijidai jamaa yake. Husemwa kuwa hao walikuwa wasanii, watu wa kando, wasiopimwa kwa kipimo cha wengine. Ni hila ya zamani, kumsifu mtu kwa namna ambayo hakuna mwengine atakayethubutu kumuiga.

Hata Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, amekatwa nusu. Kila mtu anamjua msichana aliyeondoka usiku mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza. Ni wachache wanaomjua mjane aliyeishi Beirut tangu 1892 hadi 1914, akizeeka katika mji wa Kiarabu, kutoka miaka 48 hadi 70. Nusu ya kwanza ina mapenzi na kashfa, kwa hiyo imeandikwa na kuandikwa tena. Nusu ya pili ina mwanamke mzee aliyejichagulia kuishi pale ambapo lugha ya baba yake inasemwa dirishani. Katika habari hiyo mshairi haoni cha kuimba. Na nje ya pwani mifano ipo: Evelyn Cobbold, Mwingereza Mwislamu, alikwenda Hijaz mwaka 1933 akiwa na miaka 65, akangoja Jeddah mpaka ruhusa ikatoka, akahiji, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu. Alikuwa tajiri na mwenye kujuana na wakubwa, jambo ambalo halikumpunguzia joto la Mina wala msongamano.

Kuhusu afya, ambayo ndiyo hoja pekee ya kikao yenye nyama, jawabu lake ni mipango, na mwalimu aliyepanga ratiba za skuli kwa miaka thelathini hafundishwi kupanga. Wazee waliokwenda Uarabuni kwa majahazi walifuata kusi, kuanzia Aprili, na kurudi na kaskazi. Yeye hafuati upepo ila anafuata joto, kwa kuwa Maskati ya Juni hupita nyuzi 40 na mtu mwenye presha hana haja nayo. Kati ya Novemba na Februari hali ni ya kukaa barazani. Aangalie tu Ramadhani, ambayo katika miaka hii inaangukia miezi hiyo hiyo ya baridi: dada yake atafurahi zaidi, lakini mchana hakuna mkahawa wa kumkalisha mgonjwa wa sukari, na kula hadharani huko ni kosa la kisheria. Akiwa na hamu ya kuiona Salala wakati wa kharifu, minazi na migomba ndani ya manyunyu na ukungu, hiyo ni Julai au Agosti, na ni safari nyengine kabisa, kilomita elfu moja kutoka Maskati. Dawa zikae katika paketi zake za asili, na cheti cha daktari pamoja nazo. Dawa kali za maumivu kama tramadol na zenye kodini zinadhibitiwa vikali katika nchi za Ghuba, na kisingizio cha kutojua hakipokelewi. Kiti cha magurudumu huombwa mapema wakati wa kukata tiketi, na kukikalia si kukiri kushindwa. Nakala ya pasipoti iwe kwa dada na nyengine kwa binti. Nambari ya simu ya dada iandikwe kwenye karatasi, kwa wino, maana simu huzimika.

Wanawe wakitaka kufaa, kazi ipo. Mmoja akae na wajukuu Jumatatu hadi Jumatano, na mwengine Alhamisi na Ijumaa. Wa tatu apime mizigo, kwani dada ameagiza pweza mkavu, kanga mbili za jina analolikumbuka tangu utotoni na ambalo halichapishwi tena, pamoja na embe dodo, na mizani ya uwanja wa ndege haijui miaka sitini ya kutoonana. Embe zifungwe zikiwa bado ngumu. Pweza atiwe katika mifuko mitatu.